Tuta Lililokandikwa Pande Mbili

CHAMA CHA WAKULIMA WA TUTA LA LUMEMO, KATINDIUKA

Kumbukumbu za kikao cha Kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 27 Aprili 1957, katika banda la kupimia mpunga, kuanzia saa nane mchana.

WALIOHUDHURIA
Bw. Melkiori – Mwenyekiti
Bw. Eustaki – Mjumbe, na mlalamikaji katika shauri la leo
Bibi Natalia – Mjumbe, mkuu wa kina mama waliokandika tuta
Bibi Tekla – Mjumbe
Kandida Nikodemu – Katibu wa muda

WALIOALIKWA
Bw. Hilari – Bwana Shamba
Bw. Zubeiri – mkulima na mvuvi, mlalamikiwa

HAKUHUDHURIA
Bw. Nikodemu – Katibu (amelazwa hospitali, taarifa ilitolewa)

KUMB. NA. 1/57: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuja ingawa njia bado ina matope. Alieleza kwamba Katibu ni mgonjwa, na kwamba binti yake Kandida, ambaye yuko nyumbani kwa likizo ya Pasaka, ameombwa kuandika.

Bw. Eustaki aliuliza kama ni halali shauri la watu wazima kuandikwa na mtoto wa shule. Mwenyekiti alijibu kwamba mwandiko wa mtoto huyu unasomeka, na wa baba yake hausomeki hata na baba yake mwenyewe. Wajumbe walicheka. Bw. Eustaki alisema hana neno zaidi.

KUMB. NA. 2/57: KUSOMA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu wa muda alisoma kumbukumbu za kikao cha dharura cha Jumatatu ya Pasaka. Aliombwa asome kwa sauti zaidi. Alisoma tena.

Katika kumbukumbu hizo imeandikwa kwamba tuta linalozuia mto Lumemo lilianguka alfajiri ya Jumatano ya Wiki Kuu, mto ukiwa umeshapungua. Kwamba maji yalirudi siku ya Ijumaa Kuu watu wakiwa kanisani, yakapita penye pengo na kufunika mpunga wa Bw. Eustaki kwa mchanga; na kwamba “mkata tuta, Zubeiri, aitwe ajieleze.”

Bw. Zubeiri aliomba kusema. Alisema, “Shikamoo, mzee. Mimi nimeitwa nijieleze, na jina nimeshapewa kabla sijafungua mdomo.” Mwenyekiti aliitikia salamu na kusema kwamba jambo hilo litarudiwa mwishoni.

Kumbukumbu hazikuthibitishwa.

KUMB. NA. 3/57: MALALAMIKO YA BW. EUSTAKI

Mwenyekiti aliagiza maneno ya pande zote yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa kuwa jambo lenyewe linahusu shamba la mtu. Aliwakumbusha wajumbe sheria ya chama: anayekata tuta kwa kusudi hutolewa katika chama, na majaruba yake ya mpunga hupewa aliyeharibiwa. Kwa hiyo kikao hiki kinaamua kama Bw. Zubeiri atabaki na majaruba yake au yatakwenda kwa Bw. Eustaki.

Bw. Eustaki alieleza kwamba mto ulipojaa hadi karibu na mgongo wa tuta, tuta lilisimama bila kutikisika. Mto uliposhuka ghafla, tuta likaanguka. Alisema, “Nani aliyewahi kuona mlango unaostahimili ng’ombe akiusukuma, halafu unaanguka ng’ombe akiondoka? Hapo pana mkono wa mtu.”

Alitaja sababu tatu za kumshuku Bw. Zubeiri. Alionekana juu ya tuta kabla hapajapambazuka, jembe begani. Migono yake ya kutegea samaki ilikutwa chini ya mahali palipoanguka. Tena yeye si mkulima wa asili. “Watu wa pwani wanajua kupima chumvi,” alisema. “Tuta wanaliona kama kizuizi cha kambale wao.”

Bw. Zubeiri alisema, “Eustaki, baba yangu ndiye aliyetoka pwani. Mimi na wewe tumeibiwa nguo pamoja tukioga Lumemo, tukarudi nyumbani tumejifunika majani ya mgomba. Siku hiyo hukuniita mtu wa pwani.”

Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wasicheke. Bibi Tekla aliomba radhi.

KUMB. NA. 4/57: MAELEZO YA BW. ZUBEIRI

Bw. Zubeiri alikiri kuwa alikuwa juu ya tuta alfajiri hiyo na jembe. Alieleza kwamba ni mwezi wa Ramadhani, alikuwa amekula daku, na mtu aliyekwisha kula daku hana haja ya kurudi kulala wakati maji yanashuka na samaki wanatoka. Alikwenda kutazama migono yake.

Alipita juu ya tuta akahisi mguu umeingia mahali. Alimulika kwa taa ya mkono akaona ufa mrefu mgongoni mwa tuta, unafuata urefu wake, karibu na upande wa mto. Alirudi kuchukua jembe, akajaza ufa kwa tope. Ufa ulifunguka tena mbele ya macho yake. Aliona ni kazi ya watu wengi, akaenda kumwamsha jirani. Aliporudi, kipande chote kilikuwa kimeteleza mtoni.

Mwenyekiti aliuliza ni jirani gani aliyeamshwa. Bw. Zubeiri alisema angependa jirani huyo ajitaje mwenyewe.

Hakuna aliyejitaja. Mwenyekiti aliendelea.

Kuhusu migono, Bw. Zubeiri alisema miwili imefukiwa na udongo ulioanguka na mpaka leo imo. Aliuliza ni mtu gani anayeangusha tuta juu ya migono yake. Bw. Eustaki alijibu kwamba huenda alikosea kipimo.

KUMB. NA. 5/57: MAELEZO YA BWANA SHAMBA NA JARIBIO LA DEBE

Bw. Hilari alisema amekwenda mahali penyewe mara mbili. Alikuta udongo umeteleza wote kuelekea mtoni, na palipobaki pamechimbika mviringo kama upawa. Hakuona alama ya jembe isipokuwa pale juu, penye tope la kujazia ufa. Mtu anayetaka kupitisha maji, alisema, hukata mfereji mwembamba kuelekea mashambani. Haangushi mgongo mzima mtoni, tena siku ambayo mto hauna maji ya kupitisha.

Bw. Eustaki alisema hayo yanaonyesha jinsi lilivyoanguka, lakini hayaonyeshi kwa nini.

Bw. Hilari alikubali. Aliomba apewe debe la chama la kupimia mpunga. Ndani ya debe aliweka kokoto chini, akasimamisha kipande cha mwanzi kilichotobolewa vifundo mpaka chini kabisa, kisha akajaza mchanga wa mtoni wenye unyevu na kuushindilia. Juu ya mchanga aliweka jiwe la kusagia la Bibi Tekla. Alimwomba Mwenyekiti alikandamize jiwe hilo. Mwenyekiti alilikandamiza kwa mikono miwili. Halikuzama.

Kisha Bw. Hilari alimimina maji katika mwanzi, polepole, akahakikisha mwanzi unabaki umejaa. Maji yaliingia chini na kupanda kupitia mchanga. Baada ya muda mchanga ulianza kutokota kama uji, ingawa ulikuwa baridi, na jiwe likazama lenyewe bila kuguswa na mtu. Bibi Natalia alisema, “Mama yangu!”

Bw. Hilari alieleza kama ifuatavyo, na Katibu wa muda alimwomba arudie ili aandike sawasawa.

Udongo ni punje. Punje hushikana kwa sababu zinakandamizana, kila moja imeikanyaga nyingine. Kati ya punje pana nafasi, na nafasi hizo zikijaa maji, maji nayo husukuma pande zote. Uzito wa tuta haupungui, lakini unagawanywa: sehemu inabebwa na punje, sehemu inabebwa na msukumo wa maji. Udongo hupata nguvu katika ile sehemu inayobebwa na punje peke yake. Msukumo wa maji ukizidi, punje hazikanyagani tena kwa uzito, na udongo unaachia.

Bw. Eustaki aliuliza, “Bwana Shamba, punje ikisaidiwa kubeba mzigo si ni vizuri?”

Bw. Hilari alijibu, “Mzigo ndio unaoishikisha punje. Ukiipunguzia mzigo, inaachia.”

Bibi Tekla alisema anamfahamu mtu wa namna hiyo. Mwenyekiti alisema hilo lisiandikwe, kisha akasema liandikwe.

Bw. Hilari aliendelea kuhusu tuta. Mto ulipojaa kwa siku nyingi, maji yalipenya ndani ya tuta kidogo kidogo, na mvua ikaongeza kwa juu. Lakini wakati huo mto wenyewe ulikuwa umeliegemea tuta kwa nje na kulishikilia. Mto uliposhuka ghafla, kile kilichokuwa kinaegemea kiliondoka, na maji ya ndani yalibaki yanasukuma. “Bw. Eustaki amesema kweli kuhusu ng’ombe,” alisema. “Ila wako ng’ombe wawili, mmoja nje na mmoja ndani. Wa nje aliondoka. Wa ndani alikosa mlango.”

Mwisho alichukua msumari na kutoboa tundu chini ya debe. Maji yalitoka yakaisha. Alimwomba Mwenyekiti alitoe jiwe la Bibi Tekla. Mwenyekiti alivuta, akashindwa. Mchanga ule ule uliokuwa uji ulikuwa umelishika jiwe. Bw. Eustaki naye alijaribu, akashindwa.

KUMB. NA. 6/57: KWA NINI MAJI YALIKOSA MLANGO

Mwenyekiti aliuliza kwa nini miaka iliyopita mto ulipanda na kushuka na tuta halikuanguka.

Bw. Hilari alisita. Aliuliza ni kitu gani kilichofanyika mwaka huu ambacho hakikufanyika zamani. Wajumbe walimtazama Bibi Natalia.

Ilielezwa kwamba mwezi wa pili kina mama wakiongozwa na Bibi Natalia walikandika tuta lote kwa udongo wa kichuguu uliokanyagwa vizuri, upande wa mto na upande wa mashamba, wakalisugua kwa mawe mpaka likang’aa. Kabla ya hapo upande wa mashamba ulikuwa unatoka jasho kila masika, na watu waliona ni aibu, kwamba tuta letu ni bovu. Baada ya kukandikwa halikutoka jasho hata tone. Watu walitoka Idete kuja kulitazama.

Bw. Hilari alisema upande wa mto ulikandikwa vyema na ubaki hivyo, kwa kuwa unapunguza maji yanayoingia. Upande wa mashamba ndiko kulikozibwa mlango. Maji yalizidi kuingia kwa chini, kwenye mashimo ya kaa na kwa mgongoni, na hayakuwa na pa kutokea. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe aliliona tuta likiwa limekandikwa, akasifu, wala hakufikiri. Aliomba hilo liandikwe pamoja na mengine.

Bibi Natalia alisema, “Nyumba yangu nimeikandika ndani na nje, na haijaanguka.”

Bw. Hilari alisema, “Nyumba yako, mama, haijasimama ndani ya maji.”

Bibi Natalia alisema kwamba kina mama walikanyaga udongo ule wengine wakiwa na watoto mgongoni, kwamba mikono yake ilichubuka, na kwamba hapakuwa na mwanamume hata mmoja aliyeleta hata maji ya kuloweka.

Bw. Eustaki alisema, “Basi, kama si Zubeiri, ni kina mama.”

Bibi Natalia alisimama. Alisema, “Wewe Eustaki una kosa mkononi kama kofia, unazunguka nalo unatafuta kichwa. Kwa Zubeiri halikutosha, sasa unanivika mimi.”

Mwenyekiti aliwaomba wakae. Walikaa.

Bibi Tekla aliomba nafasi. Alikumbusha kwamba wakati wa kukandika alifiwa na shemeji yake huko Idete, akaenda msibani, na sehemu yake upande wa mashamba haikukandikwa. Aliporudi alikemewa katika kikao, na sehemu ile ikaitwa Kipande cha Aibu. Masika hii kilitoka jasho tangu mwanzo mpaka mwisho.

Bw. Hilari aliuliza kama maji yale yalikuwa ya matope au safi. Bibi Tekla alijibu kuwa yalikuwa safi, mtu angeweza kuyachota. Bw. Hilari alisema maji safi maana yake maji yanatoka na udongo unabaki. Yangekuwa ya matope ingekuwa habari nyingine, na mtu angepaswa kukimbia kuita wenzake.

Mwenyekiti aliuliza kipande hicho kiko wapi sasa.

Bibi Tekla alijibu, “Kimesimama, mzee. Kimepakana na pengo. Kilichong’aa kimekwenda mtoni, na Kipande cha Aibu kimesimama.”

Bw. Zubeiri alisema kwamba hapa kwetu mtu akishikwa na homa watu wote hukaa wakingoja jasho. Likitoka wanashukuru Mungu. Alishangaa kwamba kwa tuta tulishukuru jasho lilipokatika.



KUMB. NA. 7/57: JIRANI ALIYEAMSHWA

Mwenyekiti alisema kabla ya uamuzi anataka kujua ni jirani gani aliyeamshwa alfajiri ile, kwa kuwa nyumba iliyo karibu na tuta anaijua. Alimuuliza Bw. Eustaki moja kwa moja.

Bw. Eustaki hakujibu. Mwenyekiti aliagiza ukimya huo uandikwe. Umeandikwa.

Baadaye Bw. Eustaki alisema, “Alikuja. Aligonga, akasema tuta limepasuka mgongoni, tuwaamshe watu. Nilimwambia akalale, funga imempanda kichwani.”

Mwenyekiti aliuliza kwa nini basi amemlalamikia.

Bw. Eustaki alisema mpunga wake ulikuwa umeanza kutoa masuke. Alisema siku ya Ijumaa Kuu alirudi kutoka kanisani akakuta mchanga mweupe mahali pote, kama vile hajawahi kulima. “Nilitaka awepo mtu,” alisema. “Mto huwezi kuuita kikaoni.”

Bw. Zubeiri alisema, “Ungeniita mimi kuja kuchota mchanga, ningekuja.”

KUMB. NA. 8/57: MAAMUZI

Ilikubaliwa kwamba Bw. Zubeiri hakukata tuta. Majaruba yake ni yake.

Ilikubaliwa kwamba kina mama hawana kosa la kukusudia, na kwamba Bibi Natalia ashukuriwe kwa upande wa mto. Bibi Natalia alisema anapokea nusu ya shukrani kwa nusu ya tuta. Mwenyekiti alisema hakukusudia hivyo. Bibi Natalia alisema anajua.

Ilikubaliwa kwamba upande wote wa mashamba ukanduliwe, na chini ya kitako chake iwekwe kokoto ili maji yatoke bila kuchukua udongo. Pengo lijazwe udongo ukishindiliwa tabaka kwa tabaka, na lisikandikwe ila upande wa mto.

Lilitokea swali ni nani atakayekandua. Bw. Hilari alipendekeza vijana. Bibi Natalia alikataa. Alisema, “Kukandika nilikandika kwa mkono wangu. Na kukandua nitaanza mimi, asije mtoto wa mtu akalichimba kama anatafuta panya.”

Ilikubaliwa wanachama wote wasaidie kuondoa mchanga katika majaruba ya Bw. Eustaki. Bw. Zubeiri aliomba aandikwe wa kwanza.

Kipande cha Aibu kisiitwe hivyo tena. Jina jipya halikupatikana. Bibi Tekla alisema hana haraka.

KUMB. NA. 9/57: NENO LILILO KATIKA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Mwenyekiti aliagiza maneno “mkata tuta” yafutwe. Katibu wa muda aliuliza kama yakwanguliwe kwa wembe au yapigwe mstari, kwa kuwa shuleni wanafundishwa kupiga mstari.

Bw. Zubeiri alisema yasifanywe lolote kati ya hayo mawili. Alisema mahali palipokwanguliwa kila mtu huinamisha kichwa kutazama palikuwa na nini. Aliomba yaachwe, na pembeni iandikwe jinsi ilivyokuwa.

Mwenyekiti aliuliza iandikwe nini. Bw. Eustaki alisema iandikwe hivi: “Aliyeuona ufa, akagonga mlango.” Ilikubaliwa, na imeandikwa pembeni. Kumbukumbu za kikao kilichopita zilithibitishwa.

KUMB. NA. 10/57: MENGINEYO

Bw. Eustaki alikumbusha kwamba debe la kupimia mpunga sasa lina tundu na ndani yake lina mchanga na jiwe. Ilikubaliwa lizibwe na fundi bati. Bibi Tekla aliomba jiwe lake kabla ya chakula cha jioni.

KUMB. NA. 11/57: KUTEMBELEA TUTA NA KUFUNGA

Bw. Hilari alishauri wajumbe waende kwenye tuta, kwa kuwa maeneo yaliyosalia bado yamejaa maji ndani, na mto unashuka tena tangu asubuhi. Kikao kilihamia huko bila kufungwa.

Bibi Natalia alishika jembe dogo. Alipapasa tuta kwa kiganja kwanza, akatafuta mahali, akakandua chini karibu na kitako. Ngozi ya kichuguu ilibanduka kipande kizima kama sahani. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha udongo ulibadilika rangi, ukang’aa, na maji yakaanza kutoka, machache, safi.

Bibi Natalia aliweka kiganja hapo akakiacha. Alisema, “Linatoka jasho.”

Bw. Eustaki alichukua jembe bila kuombwa akaanza upande wa pili. Bw. Zubeiri alimfuata nyuma akiweka kokoto. Bw. Eustaki alimwambia apumzike kwa kuwa amefunga. Bw. Zubeiri alijibu kwamba leo funga imempanda mikononi.

Bibi Natalia alimwalika Bw. Zubeiri kufuturu nyumbani kwake. Bw. Zubeiri alishukuru, akasema mkewe amekwisha kupika na hatamsamehe. Lakini uji ukiletwa hataurudisha. Ilikubaliwa uletwe.

Hakuna aliyetaka kurudi bandani, hivyo Mwenyekiti alikifunga kikao pale pale kwenye tuta, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, maji yakiwa bado yanatoka.

Melkiori
Mwenyekiti

Kandida Nikodemu
Katibu wa muda

Doa lililo juu ya sahihi ya Mwenyekiti si wino. Ni udongo wa tuta.